Siku Niliporudisha Shilingi ya Waziri

Kwako Nyemo, binti yangu,

Nakuandikia nikiwa stoo. Nimekalia gunia la alizeti na karatasi nimeiweka juu ya debe. Jua bado lipo. Huko uani wanakutafuta upige nao picha, na mama yako anadhani nimekuja kutafuta kamba ya kufungia mizigo yako. Akina mama wa kwaya wameimba mpaka sauti zimekauka na bado wanaimba. Kila anayeingia anaanza kwa kukuita Mheshimiwa, halafu anakumbuka kwamba alikubeba mgongoni, anaishia kucheka. Nimefurahi mpaka nimeona machozi yatanitoka mbele ya wakwe, na mimi wakwe siwapi nafasi hiyo. Ndiyo maana nimejificha humu.

Sitakuandikia ule nini wala ulale saa ngapi. Hayo mama yako ameshayamaliza, na huo mlenda mkavu aliokufungia unatosha kulisha kamati nzima ya Bunge hadi mwisho wa mkutano. Mimi nina jambo moja tu.

Leo mchana tulipokuwa tunakula ulisimama ukawaambia watu, "Kura hizi si zangu, ni za baba. Mmemrudishia baba yangu kiti chake." Watu wakapiga makofi. Mimi nilitabasamu, nikainamia sahani. Mwanangu, ulichosema si kweli, na ni mimi niliyekufanya uamini kwamba ni kweli. Kesho ukipanda gari, baada ya saa moja na kidogo utakuwa Dodoma. Watakuonyesha maktaba ya Bunge, na humo kila neno nililowahi kusema ndani ya ukumbi ule limeandikwa, limechapwa na kufungwa kwenye majalada. Wanaiita Hansard. Ni kitabu kisichomwonea mtu haya. Nataka unisome mimi kabla hujakisoma hicho, ili ukila kiapo ujue umesimama kwa miguu ya nani.

Nianzie mbali kidogo. Unanijua, mimi bila kuzunguka sifiki.

Babu yako, baba yangu, alikuwa kibarua wa reli hapa Kintinku, mtu wa nyundo na mataruma. Alikuwa akisema kwamba enzi za Waingereza sheria zilikuja na treni. Huko pwani kulikuwa na Baraza la Kutunga Sheria, Gavana mwenyewe amekalia kiti cha mbele, wajumbe amewachagua yeye, wanaongea Kiingereza chao. Kwa miaka mingi hapakuwa na Mwafrika hata mmoja, baadaye wakaingizwa machifu wawili watatu ili isionekane vibaya. Karatasi zikishashushwa hapa stesheni, bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, anazisoma, na kesho yake babu yako anajikuta amevunja sheria ambayo jana hakujua kama ipo. Aliwahi kutozwa faini kwa kukata mti alioupanda mwenyewe.

Uhuru ulipokuja, baraza lile likawa Bunge, likawa la watu wa kuchaguliwa, likaongea Kiswahili. Likakaa na chama kimoja muda mrefu, watu wakibishana kwa adabu ndani ya nyumba moja, halafu vyama vikawa vingi na adabu ikapungua kidogo, lakini masikio yakafunguka. Wanawake wakaongezewa viti. Na mwisho likahama kutoka baharini likaja Dodoma, hapa jirani. Siku hiyo babu yako alivaa koti lake la reli bila sababu yoyote. Alisema, "Sasa sheria wanazitungia mahali ambapo nikikohoa wananisikia." Mimi nilikuwa kijana, nikamcheka. Yeye hakuwa anatania, alikuwa ameisubiri habari hiyo tangu ule mti.

Kwa hiyo nilipochaguliwa mimi, mtoto wa kibarua wa reli, nilijiona nimemlipia babu yako ile faini. Nilikula kiapo nikiwa na viatu vya kuazima vilivyonibana, mkono juu ya Biblia, na kilichokuwa kichwani mwangu wakati ule hakikuwa Katiba wala wananchi, bali vidole vya miguu. Wewe una viatu vyako. Umeshanizidi hapo.

Sasa nikwambie jinsi nilivyokuwa mbunge, maana hadithi niliyokuwa nakusimulia utotoni ilirukaruka sehemu nyingi.

Hotuba yangu ya kwanza nilipewa dakika kumi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba daraja la kwenda ng'ambo ya mto, kule kwenye mashamba ya mpunga, ambako mvua zikikolea watu walikuwa wanakatika na huku kwa wiki nzima. Nikasimama. Nikamshukuru Mungu. Nikamshukuru Spika, nikawapongeza mawaziri kwa kuteuliwa, nikakishukuru chama, wilaya na mkoa. Kengele ya kwanza ikalia nikiwa namshukuru mama yako. Nikaenda kwa wapiga kura, nikaanza kuwataja kata kwa kata ili nisimwache mtu. Kengele ya pili ikalia. Nikasema naunga mkono hoja, nikakaa. Daraja sikulitaja. Jirani yangu ukumbini, mbunge mmoja mzee wa kutoka Kanda ya Ziwa, akaniinamia akasema, "Mheshimiwa, umeshukuru vizuri. Ulikuwa unaomba nini?" Nilicheka naye, lakini usiku ule sikula.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha kazi, kidogo kidogo, pale nilipokuwa tayari kufundishwa. Alinieleza kwamba nchi nyingine zina nyumba mbili, ya chini na ya juu. Wa chini wakipitisha jambo bovu, wa juu wanalirudisha. "Sisi tuna hii moja tu," akasema. "Ukiacha kifungu kibovu kipite hapa, hakuna kaka yako ghorofani wa kukishika. Kinachofuata ni saini ya Rais, kisha kinakwenda kwa mama yako kijijini." Muswada unasomwa mara ya kwanza watu wanasikia jina lake tu. Halafu unapelekwa kwenye kamati, vyumba vidogo visivyo na kamera, na humo ndimo mambo yote yanapoamuliwa. Ukirudi ukumbini kusomwa mara ya pili, na Bunge likikaa kama kamati kupitia kifungu kwa kifungu, kama hukuleta marekebisho yako kwa maandishi mapema, utabaki kupiga meza tu.

Mimi nilipenda ukumbini kwa sababu ndiko kulikokuwa na kamera. Kwenye kamati nilisinzia. Kuna muswada mmoja wa mambo ya mifugo niliusikia kwa sikio la upande mmoja, na Spika alipouliza wanaoafiki waseme ndiyo, nilisema ndiyo kubwa kuliko ya mtu yeyote. Mwaka uliofuata mjomba wako akatozwa faini njiani akipeleka ng'ombe wake mnadani bila kibali, kwa sheria hiyohiyo. Alikuja hapa kunilalamikia serikali mchana kutwa. Nikamsikiliza, nikaitikia, nikamchinjia mbuzi. Mpaka leo hajui kwamba ile serikali alikuwa amekaa nayo mkeka mmoja.

Hayo ni makosa ya uvivu, na mtu anaweza kuyacheka. Hili linalofuata silicheki.

Wakati wa bajeti, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi. Spika anaitwa Mwenyekiti, na mafungu ya kila wizara yanapitishwa moja baada ya jingine. Wakifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anaruhusiwa kusimama kudai maelezo, na asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara huo. Shilingi moja. Haimpunguzii Waziri hata kijiko cha sukari. Lakini ukishaishika, fungu lile halipiti mpaka uirudishe kwa hiari yako, au Bunge zima lipige kura. Kwa dakika zile chache mbunge wa Kintinku na Serikali yote wanatazamana macho kwa macho. Ndiyo silaha aliyopewa mtu mdogo ndani ya ukumbi ule.

Mwaka wangu wa tatu nikaishika. Hiyo sehemu ya hadithi ni kweli. Nilisimama nikasema watu wangu wanakatika na mashamba yao, akina mama wajawazito wanavushwa kwa mlango uliong'olewa, na kama Waziri hana daraja basi shilingi yake ninayo mimi. Wakasimama wengine kuniunga mkono, hata wa chama kingine. Yule mzee wa Kanda ya Ziwa akanivuta koti. "Ng'ang'ania," akasema. "Usiiachie mpaka ataje mwezi na fungu la fedha. Ahadi isiyo na fungu usiipokee."

Waziri akasimama. Hakuniita kwa ukali. Aliniita ndugu yangu, akaniita rafiki yangu, akasema mimi ni mbunge mchapakazi, mbunge wa mfano, na kwamba angekuwa na wabunge kumi kama mimi nchi ingekuwa mbali. Akaahidi kwamba wataalamu wake watafika Kintinku kabla ya mvua. Kisha akafungua mikono akasema, "Namwomba ndugu yangu anirudishie shilingi yangu, maana nyumbani nina watoto." Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akaniuliza, "Mheshimiwa, umeridhika?"

Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, Nyemo. Zilibaki dakika ishirini nzima. Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima kubwa niliyonayo kwa Waziri, narudisha shilingi." Wakapiga meza zote. Utakuta kwenye Hansard, baada ya maneno yangu, wameandika kwenye mabano: Makofi. Yule mzee aliachia koti langu na hakuniangalia tena mpaka kikao kilipoahirishwa.

Hakuna aliyenitisha wala kunihonga. Ningekuwa nimehongwa ningekuwa na cha kusingizia. Nilitaka tu kupendwa. Mtu mkubwa aliniita rafiki mbele ya nchi nzima na nikaona ni ukosefu wa adabu kumwambia rafiki ataje fungu. Sisi huku tumelelewa hivyo, mgeni akitabasamu humwulizi maswali, unamletea kiti. Jioni ile kantini Waziri alinishika bega na kuninunulia chai, na ile chai niliiona tamu.

Wataalamu hawakuja. Mvua zikaja. Mkwe wa Bibi Salome, yule bibi wa kitongoji cha ng'ambo, alishikwa na uchungu maji yakiwa yamejaa, akajifungulia kulekule chini ya turubai, wanawake watatu wakiwa wameshikilia kona zake. Mtoto alipona na mama alipona, lakini haikuwa kwa msaada wangu.

Niliporudi jimboni kwenye mkutano wa hadhara, watu wananitazama, nilifanya jambo baya kuliko lile la kwanza. Nikawaambia nimeipigania shilingi mpaka mwisho, ila gilotini ikanikata. Gilotini ipo kweli, utaiona. Muda uliopangwa ukiisha, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo bila mjadala. Nilijua hakuna mkulima wa uwele anayejua gilotini ni nini, na neno lenyewe linatisha. Nikalisema kwa uchungu, watu wakaguna. Jioni nikakusimulia na wewe, ulikuwa darasa la tatu, na uliniuliza kama Waziri alilia. Nikasema alilia kidogo.

Kwenye kura za maoni za chama zilizofuata nikawa wa tatu, kiti kikaenda. Nikasema ni fitina. Nimesema ni fitina mpaka juzi.

Ukakua na hadithi ile. Ukaenda nayo chuo, ukarudi nayo ukawa mwalimu hapa, na ulipochukua fomu ya kugombea ndiyo uliyoitanguliza. Kila jukwaa ulisema, "Mimi ni mtoto wa yule aliyeshika shilingi ya Waziri." Na mimi nimekaa nyuma yako kwenye kiti cha plastiki, nimevaa kofia, natikisa kichwa. Sijui kama umewahi kukaa nyuma ya mtu unayempenda akijivunia uongo wako. Nilitaka kukwambia kila siku. Kila siku nikasema tumalize kwanza kampeni.

Sasa nifike kwenye siku ambayo huijui. Wiki ya mwisho, gari lenu lilikwama kata ya juu, ukanipigia simu ukaniomba nikakushikie mkutano mdogo kule kwa Bibi Salome. Nikavuka. Walikuwa watu kama thelathini, wengi wanawake, wamekaa kwenye viroba. Nikawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia vizuri. Nikaanza na shilingi, kama kawaida. Nilipokaribia gilotini, binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Ni yule aliyezaliwa chini ya turubai. Ana kadi ya kupigia kura sasa.

"Shikamoo babu," akasema. "Naomba kuuliza. Hivi ukishaishika hiyo shilingi, wakikwambia uirudishe, ni lazima?"

Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kujua. Mimi nikamtazama, na gilotini nikaiacha hapohapo. Nikavua kofia. Nikamwambia, "Marahaba, mjukuu wangu. Si lazima. Mimi niliirudisha kwa hiari yangu, muda ukiwepo." Nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, dakika ishirini, chai na kicheko. Nilikuwa nazungumza nikiangalia miguu yao.

Nilipomaliza, Bibi Salome akasema, "Kaa, mzee. Utachoka."

Nikakaa.

"Sisi tulisikia redioni," akasema. "Tulikuwa hapa kwangu, hawa wote na wengine waliokwishatangulia. Redio ya marehemu mume wangu, tumeiwekea betri mpya kwa ajili yako. Tulikusikia unaishika, tukapiga vigelegele. Tukakusikia unairudisha. Nikazima redio."

Nikamwuliza, "Na gilotini?"

"Uliposema habari za gilotini tukaambizana, mwacheni, ana aibu huyo. Tukakuchinjia kuku, ukala."

Nyemo, niliwahi kupigwa na baba yangu kwa mkanda wa reli na haukuniuma kama yule kuku. Miaka yote ile nilidhani nimewaficha, kumbe wao ndio walikuwa wananifichia mimi. Nikaelewa pia zile kura za maoni. Hapakuwa na fitina hata punje. Watu walizima redio, basi.

Ndipo nikaogopa kweli. Zilibaki siku nne. Kura za ng'ambo zilikuwa nyingi, na mimi nilikuwa nimeketi katikati yao nimevua kofia, nimekuvua na wewe jina ulilokuwa unatembea nalo. Nikawaomba. Sijawahi kuomba kura hivyo hata zangu mwenyewe. Nikasema kosa ni langu, mtoto halijui, msimhukumu kwa ajili yangu.

Bibi Salome akanicheka. Akasema, "Nani kakwambia tunamchagua kwa ajili yako?"

Akanikumbusha siku ya makabidhiano ya daraja. Unaikumbuka upande wako, ngoja nikupe wa kwao. Daraja lilikuja hatimaye, miaka mingi baada yangu, wakati wa wengine. Turubai limefungwa, soda zimepangwa, wageni wa wilayani wamekaa, na mtu wa mkandarasi ameleta fomu inayosema kazi imekamilika. Wewe ndiye uliyekuwa katibu wa kamati ya daraja, saini iliyotakiwa ilikuwa yako. Na kazi haikuwa imekamilika. Vyuma vipo, mbao zipo, lakini huku na huku mwisho wa daraja udongo haukujazwa, mtu mzima alihitaji kupanda kama anapanda ukuta. Ulimwambia mgeni kwamba punda mwenye mzigo hawezi kupita hapo. Akatabasamu. Akasema hayo ni mambo madogo, watamalizia, saini tu mwalimu, watu wana njaa. Wazee wakaguna wakitaka usaini. Nawe ukakaa na kalamu mkononi.

Nikasimama mimi. Mbele ya watu wote nikasema, "Saini, mama. Hayo mengine watamalizia. Tusiwaudhi wageni."

Ukasimama. Ukakunja mikono mbele kama ulivyofundishwa. Ukasema, "Baba, naomba unisamehe sana. Sisaini." Ukaketi.

Nilikununia mwezi mzima, unajua. Nilisema umenidhalilisha. Wageni waliondoka na fomu yao tupu, na soda nyingi zikabaki. Baada ya wiki tatu yakaja malori ya mawe na kifusi, na punda wa kwanza akavuka na magunia mawili ya mpunga. Mimi sikwenda kumwangalia. Nilikuwa bado nimenuna.

"Wewe ni baba yake," Bibi Salome akaniambia, na sasa hakuwa anacheka. "Anakupenda, kila mtu anaona anavyokupenda. Na alikukatalia mbele yetu kwa ajili ya punda zetu. Mtu aliyeweza kukukatalia wewe, huyo Waziri atamfanya nini? Sisi hiyo hadithi ya shilingi anapoisema huwa tunamwacha aseme, maana anampenda baba yake. Lakini kura tulishaziweka tangu siku ile ya soda."

Nilivuka kurudi nikiwa natembea kama kijana. Nikamweleza mama yako yote, sikuacha kitu. Akaweka ungo chini. Akasema, "Kumbe jimbo zima ni mimi peke yangu niliyekuamini." Hakunipa chakula mpaka nilipokiri mara ya pili. Lakini yeye ndiye aliyesema nikuandikie, na nikuandikie kabla hujaondoka, nisije nikapata gilotini nyingine.

Sasa umejua. Ukiifungua Hansard utanikuta pale, na makofi yangu kwenye mabano. Usiifunge kwa haraka. Soma mpaka mwisho wa ukurasa, uone jinsi jambo linavyopotea kwa maneno matamu na kicheko kimoja kizuri. Kuna watu watakuita rafiki yao mbele ya nchi nzima, na wengine watakuwa wanasema kweli. Sijui nikufundishe nini juu ya hilo. Nilikuwa na nafasi ya kukufundisha siku ile ya makabidhiano, chini ya turubai, na nilikuwa upande usiofaa. Ulijua mwenyewe. Sina sifa yoyote katika hilo, na sijawahi kufurahia kukosa sifa kama ninavyofurahi leo.

Nasikia wanagonga mlango. Mama yako ameikumbuka kamba. Nimalizie.

Siku ya kupiga kura niliamka mapema nikitaka niwe wa kwanza kituoni, nionekane. Nilipofika nikakuta foleni imeshafika mbali. Akina mama wa ng'ambo walikuwa mbele, wamevuka darajani alfajiri, wamejifunga khanga vizuri, Bibi Salome na kigoda chake, mjukuu wake na kadi mpya mkononi. Walinikaribisha nipite mbele kwa sababu ya umri wangu, na kwa sababu niliwahi kuwa mbunge. Nikakataa. Nikasimama nyuma yao wote, nikasubiri zamu yangu, nikakupigia kura moja, kwa sababu ileile waliyokupigia wao.

Nakupenda, Mheshimiwa.

Baba yako na mpiga kura wako,
Kintinku